Taa Sita za Adhiambo

Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja mnapopita karakana yangu hapa Migori kuuliza picha za ziwani ziko wapi, kwa hiyo naandika mara moja. Nilipiga zaidi ya sabini. Yenye maana ni moja, na ni nyeusi karibu yote. Anayetaka kuona ziwa liking'aa kama lile la kwenye kalenda za bure za mwisho wa mwaka asijisumbue kuendelea.

Wengi wenu mnamjua dada yangu Adhiambo, yule anayeleta omena, dagaa wa ziwani, hapa sokoni kwa magunia. Boti inayovua omena hizo ni yake. Alinunua mwenyewe, pamoja na wavu na taa sita, lakini hajawahi kuipanda ikiwa kazini. Kule ziwani mwanamke anaweza kumiliki kila msumari wa boti, ila akiweka mguu ndani yake usiku, wanasema, samaki hukimbia. Samaki hao hao hawakimbii anapowaanika juani na kuwauza. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza jambo hilo bila kukasirika.

Kwa miezi minne boti yake ilikuwa inarudi alfajiri na nusu ya walichopata majirani. Adhiambo akaamini kwamba nahodha wake, Owuor, anauza sehemu ya omena huko huko majini, katikati ya usiku, kwa wanunuzi wanaosubiri na boti zao gizani. Alitaka kujua kabla ya Sabato, Jumamosi anayoishika, maana Jumapili nahodha na wavuvi hukaa kupanga kazi ya juma zima, na alikuwa tayari kumfukuza mbele yao. Owuor ana watoto watano na miaka tisa kwenye boti hiyo. Mimi nilisema afukuzwe mara moja. Nilisema hivyo hata mbele yenu.

Kwa nini nisipande boti mimi mwenyewe? Kwa sababu hakuna mwizi anayeiba mbele ya kaka wa mwenye mali. Kamera ikibaki wazi muda mrefu usiku, taa inayosogea huchora mstari. Boti ya Adhiambo ina taa ndogo nyekundu ya baiskeli nyuma. Ikiondoka kwenye taa zake zinazoelea kwenda kuuza, mstari mwekundu utaonekana. Nilichohitaji ni kilima na mwangaza sahihi.

Migori hadi Awendo

Nilipata nafasi Jumatano asubuhi kwenye pikapu ya Sospeter, muuza magodoro, aliyekuwa akipeleka mzigo Homa Bay. Alitazama stendi ya kamera, begi la lenzi na daftari langu kama mtu anayetazama ugonjwa.

"Fundi, hizi vitu zote ni za picha?"

"Za picha ya usiku."

"Usiku!" Akatoa simu mfukoni, mkono mmoja kwenye usukani. "Hii yangu inapiga usiku kama mchana. Unabonyeza tu. Angalia harusi ya shemeji."

Niliangalia. Anga la saa nne za usiku lilikuwa la buluu, na bibi harusi alikuwa na uso wa nta. Nilimwambia kwamba usiku ukionekana kama mchana, basi hukupiga picha ya usiku, umepiga picha ya uongo wa simu.

"Lakini watu wanaonekana," alisema Sospeter.

Nilimrudishia simu. Mambo ya picha za usiku nimeyasoma kwenye mtandao. Kuna walimu huko wanaofundisha picha za usiku wakiwa jangwani, peke yao, na jabali moja na nyota. Mmoja anashauri uende mwezi ukiwa nusu ili uangaze mandhari. Nilipomwambia Adhiambo ushauri huo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Owadwa, ndugu yangu, mwezi ukiwaka hakuna anayeenda omena. Taa itavuta nini, na mwezi umeshavuta?" Miaka kumi na moja nasoma juu ya mwanga, na muuza omena alijua hilo kabla yangu.

Kabla ya Awendo tulisimama. Trela la miwa lilikuwa limemwaga nusu ya mzigo barabarani, na waliotumwa kuuondoa walikuwa wameketi juu yake wakiutafuna. Tulikaa saa mbili na nusu. Mwanamke mmoja alipita kati ya magari akiuza mandazi na chai ya chupa. Sospeter alinunua, akala, akashuka, akarudi na muwa mrefu kuliko yeye.

"Shika, fundi. Ukiwa na kitu mdomoni utaacha kuhesabu saa."

Nilitafuna. Ulikuwa mtamu, nakiri. Lakini niliendelea kuhesabu.

Awendo hadi Homa Bay

Safari yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro zilikuwa Homa Bay, ambako Sospeter alinishusha kwenye hoteli anayopenda karibu na ziwa, akisema nile samaki nimngoje dakika kumi ashushe magodoro. Dakika zake kumi zilichukua saa moja na robo.

Niliagiza ngege wa mchuzi na ugali. Kabla samaki hajafika, mwenye hoteli, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, aliona stendi ikichungulia kwenye begi.

"Wewe ni wa magazeti?"

"Hapana, mama."

"Wa serikali?"

"Natengeneza redio, Migori."

"Basi redio ndiyo hiyo ina miguu tatu?" Wahudumu wakacheka. Aliketi mbele yangu, akaamua kwamba lazima nimpige picha na samaki wake mkubwa kwa ajili ya ukuta, na alipoona ninapima mwanga alikata tamaa. "Aa, huyu anapima kama daktari. Piga tu! Samaki atapoa."

Nilipiga. Aliomba nimfanye mweupe kidogo. Nilimwambia kamera yangu hupiga kilichopo. Alinitazama kwa huruma, akaichukua picha kwenye simu yake ili akaichapishe, akaagiza niongezewe ugali.

Homa Bay hadi Rusinga

Sospeter aliporudi alinipeleka kituoni, gari dogo la kwenda Mbita likanifikisha jua likiwa bado juu, na pikipiki ikanivusha daraja la kisiwa cha Rusinga. Adhiambo alikuwa ufuoni, miguu ndani ya omena zilizoanikwa. Hakuacha kazi. Alielekeza kidevu kwenye boti ya buluu.

"Yule mwenye kofia ndiye Owuor. Usimwangalie sana."

Owuor alikuwa anafunga taa kwenye vielea vyake. Mtu mrefu, wa polepole, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kusalimia. Alikuja mwenyewe.

"Jaduong', mzee wetu, karibu. Min Ochieng' alisema utakuja kupumzika." Min Ochieng', yaani mama Ochieng', ndiye dada yangu.

"Nimekuja kupumzika," nilisema.

"Pumzika. Huku hakuna kazi ya mtu wa redio." Akacheka, akarudi kwenye taa zake. Nilimwona mjanja. Hivyo ndivyo mtu huona akiwa ameshaamua.

Kilimani, usiku wa kwanza

Kilima kiko nyuma ya nyumba ya dada yangu. Kutoka juu unaona maji yote ya upande ule. Giza lilipoingia boti zilitoka, na baada ya muda taa zikaanza kutua juu ya maji kundi kwa kundi: kila boti huweka taa zake zikielea kwa safu, kisha hungoja omena zikusanyike kwenye mwanga ndipo wazizungushie wavu. Boti ya Adhiambo ilikaa katikati ya boti mbili za majirani, zote tatu karibu umbali mmoja kutoka kwangu. Hilo nililiandika kwenye daftari kwa mazoea tu.

Nilifanya kosa ambalo ningemcheka mwingine. Nilipima mwanga kwa kuangalia kilima, ambacho ni cheusi, na kamera ikaniambia inahitaji mwanga mwingi. Nikafungua tundu la lenzi hadi 5.6, unyeti wa kamera kwa mwanga nikauweka 400, nikaacha kamera wazi kwa nusu saa. Matokeo yake yalikuwa blanketi. Taa zote zilikuwa zimefura zikaungana kuwa utando mweupe juu ya maji, na taa nyekundu ilikuwa imezama ndani yake kama tone la soda kwenye ndoo ya maziwa. Nilirudia mara tatu, nikibadilisha kidogo kidogo, na mara ya tatu wingu la wadudu wa ziwani lilitua juu ya lenzi. Wadudu wale hawaumi. Wanajaa tu, puani, masikioni, kwenye kioo, wakifa kwa maelfu bila sababu.

Nilishuka saa tisa usiku. Adhiambo alikuwa macho.

"Umeona?"

"Nimeona weupe."

"Mtu wa kamera na daftari," alisema, "na umeona weupe." Akanipa nyoyo baridi kwenye bakuli, mahindi na maharagwe ya mchana, akaenda kulala.

Kilimani, mchana wa Alhamisi

Sikulala. Nilikaa na daftari mpaka nikaona kilichonishinda, na nitakieleza kwa ufupi kwa wale wanaojali. Mwanga unaosogea haujali umeacha kamera wazi kwa muda gani. Unapita mahali na kuondoka, kwa hiyo kinachouonyesha ni ukubwa wa tundu na unyeti. Mwanga uliotulia ndio unaolimbikizwa na muda. Basi tundu nilitafutie taa nyekundu, na muda niutafutie taa nyeupe. Hakuna mwalimu hata mmoja wa jangwani aliyenieleza hivyo, labda kwa sababu jabali halisogei.

Nilipanda mchana kuchagua mahali pasipo na wadudu wengi, upande wa upepo. Nilikuwa nimesimamisha stendi na kuinamia kamera, jicho moja limefungwa, niliposikia nyuma yangu:

"Toa hiyo kitu kwa shamba ya mzee wangu."

Alikuwa mama mzee, mkavu, na panga mkononi. Jina lake Pilista, kama nilivyojua baadaye, mjane, jirani wa dada yangu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni—"

"Najua wewe ni nani. Ni wa kupima. Shemeji yangu amekulipa ngapi?"

"Mama, hii ni kamera."

"Ile ya kwanza pia walisema ni kamera. Ikapima, ikapima, na mti wangu wa mpaka ukaenda kwa shemeji." Akachoma panga ardhini katikati ya miguu ya stendi. "Pima sasa."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa hatua, kama ninavyowaeleza ninyi, na kila hatua ilimthibitishia zaidi kwamba mimi ni mpima ardhi, maana alinisikia nikitaja umbali. Mwishowe Adhiambo alipanda mbio, akishika kanga.

"Min Opiyo, huyu ni kaka yangu! Anapiga picha ya taa!"

"Taa saa saba mchana?"

"Anajitayarisha."

Pilista alinizunguka mara moja. "Anajitayarisha tangu asubuhi," alisema. "Bwana arusi hajitayarishi hivi." Lakini aliondoa panga, akachungulia kwenye kamera kwa muda mrefu, akaridhika kwamba mti wake mpya wa mpaka hauonekani humo. Akaniruhusu kutumia shamba lake kwa sharti kwamba lenzi iangalie ziwa tu.

Kilimani, usiku wa pili

Boti zilipokuwa zikitoka nilijaribu kwa taa nyekundu ya Owuor. Kwa tundu la 16, lililobanwa zaidi kuliko la jana, mstari wake ulipotea kabisa. Kwa 11, unyeti wa 100, ulibaki, mwembamba kama uzi wa kushonea lakini upo. Nikafunga hesabu hapo. Kisha nikatafuta muda. Dakika kumi, taa nyeupe zilifura. Tano, zilifura. Kwa dakika mbili zilibaki taa, kila moja na fundo lake, zikiyumba kidogo juu ya maji. Ziwa lenyewe likawa jeusi tii, kilima hakikuonekana, na ningeiweka picha hiyo mtandaoni ningeambiwa nimesahau kutoa kifuniko cha lenzi. Huo ndio uliokuwa mwangaza sahihi.

Nilipiga dakika mbili, nikapumzisha kamera, nikapiga dakika mbili, kuanzia saa tatu hadi saa nane na nusu. Mara mbili niliona kwa macho boti isiyo na taa ikipita mbali, huenda ya wanunuzi, na moyo wangu ulifurahi. Nilitaka sana kumkamata yule mtu.

Ijumaa

Asubuhi nililala. Alasiri nilihamishia picha kwenye kompyuta ndogo jikoni kwa dada yangu, naye akipika haraka haraka chakula cha siku mbili, maana jua likizama Sabato inaingia na kazi yote inasimama. Nilizipitisha zote mbele yake. Mstari mwekundu ulizunguka taa zake sita wakati wa kuvuta wavu, ukarudi mahali pake, ukazunguka tena. Haukwenda popote. Hakuna picha hata moja ambayo taa nyekundu haimo.

Adhiambo alisimama na mwiko mkononi.

"Basi omena zangu zinaenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoangalia nilichopaswa kuangalia tangu mwanzo. Taa za jirani wa kushoto zilikuwa mafundo sita ya mwanga, manene. Za jirani wa kulia, vivyo hivyo. Za katikati zilikuwa sita, lakini nne zilikuwa vitone, ya tano ilionekana ukijua ilipo, na ya sita nilimwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hizi ni za nani?"

"Zako."

Alitoka, akarudi na taa moja kutoka stoo, akaiwasha pale jikoni. "Tazama! Hii inaumiza macho. Nawasha zote hapa mlangoni kila jioni kabla hazijaenda."

Iliumiza kweli. Nilimweleza kwamba jicho gizani hujifungua lenyewe, na taa yoyote ukiishika karibu itakupofusha, hata inayokufa. Jicho halilinganishi. Usiku wa kwanza kamera yangu nayo ilikuwa imezifurisha zote sawa, nzima na mbovu. Ilihitaji giza lile la usiku wa pili ili tofauti ionekane. Omena nazo zimekuwa zikiiona tofauti hiyo kwa miezi minne, zikaenda kwa majirani.

Adhiambo aliketi kwenye kigoda.

"Owuor aliniambia betri zimezeeka."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka. Akarudia tena." Alizima taa. "Nilimwambia mvuvi mvivu hulaumu taa."

Akamtuma mtu kumwita. Nilimwambia angoje mpaka Jumapili. Akasema hawezi kuingia Sabato na jambo hilo kifuani.

Owuor alikuja, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi. Adhiambo alimgeuzia kompyuta. Aliangalia kwa utulivu, kama mtu anayesoma maji.

"Hizi ni za jirani. Hizi ni zetu." Uso wake ukafunguka. "Min Ochieng', si nilikuambia? Si nilikuambia? Hii ya mwisho imekufa kabisa!" Akanipiga begani. "Jaduong', umefanya kazi. Mimi nimesema mpaka mdomo umechoka, na wewe umeleta kwa picha."

"Nitanunua betri mpya," alisema Adhiambo. "Zote sita."

"Nunua!" Alicheka, akaendelea kuangalia. Kisha akaacha kucheka, akasogeza uso karibu. "Hii imepigwa kutoka wapi?"

"Kilimani," nilisema.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Usiku mbili kilimani." Akaweka kidole kwenye uzi mwekundu. "Na hii ndiyo mimi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatafuta betri?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa anataka niseme ndiyo; nilimwona. Adhiambo alinitangulia.

"Nilikuwa nakutafuta wewe, Owuor. Nilidhani unauza omena zangu majini."

Owuor alinigeukia.

"Na wewe, jaduong'?"

"Mimi nilidhani hivyo kuliko yeye," nilisema. Huo ndio ukweli, na ninyi mliokuwa mmekaa karakana kwangu nikimwita mwizi mliondoe jina hilo vichwani. Hakuiba hata dagaa mmoja.

Owuor alisimama. Hakupandisha sauti, na ningependelea apandishe. "Min Ochieng', betri nunua. Boti ni nzuri, wavu ni mzuri. Lakini mimi nimekaa miaka tisa nikijua nikiwa kule nje hakuna anayeniona, na sijachukua. Sasa nikikaa kwenye hiyo boti nitakuwa naangalia kilima."

"Owuor, kaa tuongee."

Alitazama mlangoni. Jua lilikuwa limegusa maji. "Sabato imeingia, mama," alisema. "Sabato njema." Akainama kupita mlango mfupi, akaondoka.

Adhiambo alitaka kumkimbilia. Akashika kitasa, akakiachilia. Sabato haina majadiliano ya kazi. Yeye ndiye huwaambia hivyo wavuvi wake kila Ijumaa.

Kurudi

Niliondoka Jumamosi mchana, nikalala Homa Bay; sitawachosha na njia. Homa Bay mama wa hoteli alikuwa ametundika picha yake na samaki ukutani, akilalamika kwa kila mteja kwamba imemtoa mweusi. Awendo palikuwa wazi. Nilifika nyumbani Jumapili usiku, na simu ya Adhiambo ikanikuta mlangoni: Jumamosi jua lilipozama alikwenda kwa Owuor, akamkuta ameshaahidi kwa jirani wa kushoto. Wavuvi watatu kati ya wanne wamemfuata.

Betri mpya zimefika. Alizijaribu na taa zote mlangoni, akaniambia kwamba hata Pilista alizilalamikia kutoka shambani kwake. Huu ni usiku wa saba boti ya buluu ikiwa juu ya mchanga, na mwezi mpya umeshaonekana; ukikua, hata taa hizo hazitavuta kitu.